Mzamiaji Ndani ya Virusi: Jinsi Seli Njema Inavyogeuka Kuwa ya Saratani



Naanza na habari za kuku, tena kwa makusudi. Swali la leo ni hili: seli njema ya mwili inageukaje kuwa seli ya saratani? Jibu lenye ushahidi thabiti lilianza kupatikana kwa kuku jike wa aina ya Plymouth Rock, mwenye manyoya ya mistari myeusi na myeupe, aliyefikishwa katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York mwaka 1909 akiwa na uvimbe mkubwa kifuani. Aliyempokea ni daktari Peyton Rous, mtu wa miaka 30 hivi, asiye na jina bado katika utafiti wa saratani.

Rous alikata vipande vya uvimbe ule akavipandikiza kwa kuku wengine wa ukoo uleule. Nao wakaota uvimbe. Hapo bado hapakuwa na ajabu, maana seli za saratani zikihamishwa zikiwa hai huweza kuendelea kukua mahali papya. Ajabu ilikuja aliposaga uvimbe, akauchanganya na maji ya chumvi, kisha akauchuja kwa kichujio cha matundu madogo mno, seli haipiti wala bakteria haipiti. Majimaji yaliyopita akawadunga kuku wazima. Wakaota uvimbe uleule. Mwaka 1911 alichapisha matokeo hayo, na wakubwa wa taaluma wakabenua midomo. Kuku si mtu, walisema. Wengine wakasema kama uvimbe unaambukizwa kwa majimaji, basi si saratani. Huko Denmark, Ellermann na Bang walikuwa wameonyesha jambo linalofanana mwaka 1908 kwa leukemia ya kuku, lakini siku zile leukemia yenyewe haikuhesabiwa kuwa saratani, hivyo nao hawakusikilizwa.

Baada ya miaka michache Rous akaiacha kazi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yeye na mwenzake Turner walitengeneza mchanganyiko wa kuhifadhi damu isiharibike, mojawapo ya misingi ya benki za damu tunazozitegemea mpaka leo. Hata angeishia hapo, dunia ingekuwa na deni kwake. Tuzo ya Nobel kwa ajili ya yule kuku alipewa mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87. Wanafunzi mnaolalamika kwamba msimamizi anachelewesha kusoma sura ya pili ya tasnifu, hesabuni wenyewe kutoka 1911.

Sasa tuingie ndani ya majimaji yale.

Kirusi cha Rous ni cha jamii ya retrovirusi. Jamii hii sisi wa Afrika Mashariki tunaijua kwa uchungu, kwa sababu virusi vya UKIMWI vimo humo humo. Kirusi cha aina hii hubeba maelekezo yake ya urithi kwa RNA badala ya DNA. Kikishaingia ndani ya seli hufanya jambo ambalo wanabiolojia wengi wa miaka ya 1960 hawakutaka kulisikia: RNA yake hunakiliwa kuwa DNA, kinyume cha mkondo wa kawaida, na DNA hiyo hupachikwa katikati ya DNA ya seli yenyewe. Kuanzia hapo ugeni umekwisha. Seli ikigawanyika, huirithisha DNA ya kirusi pamoja na jeni zake za asili. Howard Temin alilisema hili mwaka 1964, wachache wakamwelewa. Mwaka 1970 yeye na Satoshi Mizutani, na kwa upande mwingine David Baltimore akifanya kazi yake peke yake, walikipata kimeng'enya kinachonakili kinyumenyume. Dawa za kwanza za kufubaza virusi vya UKIMWI, kuanzia AZT, zililenga kimeng'enya cha namna hiyo. Tenofovir na lamivudine zinazomezwa leo Mbeya na Kisumu zinafanya vivyo hivyo. Kazi iliyofanywa kwa virusi vya kuku na panya, kabla UKIMWI haujapata hata jina, ndiyo iliyoonyesha mahali pa kulenga.

Lakini kupachikwa peke yake hakuielezi saratani. Retrovirusi vingi hukaa ndani ya seli muda mrefu bila kuigeuza. Je, kirusi cha Rous kina nini cha ziada?

Hapa tunahitaji sahani ya maabara. Ukiotesha seli za kiinitete cha kuku katika sahani yenye chakula chao, zitatandaa bapa, moja kando ya nyingine, mpaka zijaze nafasi. Zikishabanana, hupunguza kugawanyika. Mwaka 1958 Temin na Harry Rubin, wakiwa California, walionyesha kwamba ukiongeza virusi vya Rous kidogo, baada ya siku chache utaona vikundi vya seli zilizoviringana, zinazopandiana juu kama kwamba hazina habari na jirani. Kikundi kimoja huanzishwa na kirusi kimoja. Kwa hiyo kugeuka kwa seli kukawa jambo la kuhesabika. Huhitaji tena kusubiri kuku augue.

Mwaka 1970, huko Berkeley, G. Steven Martin alipata kirusi cha Rous kilichobadilika kidogo. Seli zilizoambukizwa nacho zikiwekwa kwenye nyuzi joto 36 hivi, ziligeuka: zikaviringana na kupandiana. Zikipelekwa kwenye nyuzi 41, zilitulia, zikatandaa tena bapa, zikawa na adabu ya seli njema. Zikirudishwa kwenye joto la chini, ziligeuka upya. Na wakati wote huo kirusi kiliendelea kuzaana bila shida katika joto la juu pia.

Naomba tusilipite jaribio hili haraka, maana kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote katika habari hii. Lilionyesha kwamba kirusi kina jeni mahususi inayogeuza seli, na protini ya jeni hiyo huharibiwa na joto. Zaidi ya hapo, lilionyesha kwamba protini hiyo lazima iendelee kufanya kazi kila saa. Ukiizuia, seli iliyokwisha kugeuka inarudi. Watu wengi, na madaktari wamo, hudhani saratani ni safari ya kwenda tu. Sahani za Martin zilisema kwamba, angalau kwa saratani hii, kuna mkono unaosukuma bila kupumzika, na mkono huo ukishikwa mambo hubadilika. Miaka 30 baadaye viwanda vya dawa vilijengea juu ya wazo hilo.

Jeni yenyewe ikaitwa src, kwa kuwa uvimbe ule ni wa aina ya sakoma. Peter Vogt alikuwa na virusi vya Rous vilivyopoteza kipande cha jeni hiyo: vilizaana vizuri, vikaambukiza, lakini havikugeuza seli hata moja. Maana yake ni kwamba kirusi hakiihitaji src kwa maisha yake. Kina jeni tatu za kazi: moja ya kujenga kiini chake, moja ya vimeng'enya, moja ya gamba la nje. Src ni ya nne, na haina kazi chomboni. Vijana wa Mombasa na Dar es Salaam wanamjua mzamiaji: hayumo kwenye orodha ya mabaharia, haendeshi meli, hapiki, na asipokuwemo meli inafika bandarini vilevile. Src ni mzamiaji. Basi swali likawa: alipandia bandari gani?

Jibu lilitolewa mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kwenye maabara ya Michael Bishop na Harold Varmus. Mfaransa Dominique Stehelin alitengeneza kipande cha DNA chenye mionzi kinacholingana na src tu. Alichukua DNA iliyonakiliwa kutoka kirusi kamili, akaondoa yote iliyoshikamana na RNA ya virusi vya Vogt vilivyokosa src. Kilichobaki ndicho mzamiaji peke yake. Akakitumia kutafuta jeni hiyo katika DNA ya kuku wazima wasioambukizwa. Ikaonekana. Akatafuta kwa kware, bata, bata mzinga, na kwa emu, yule ndege mkubwa wa Australia anayefanana na mbuni. Imo. Baadaye ikapatikana kwa binadamu, na jamaa zake wakapatikana hata kwa inzi wadogo wa matunda. Jeni inayohifadhiwa na viumbe waliotengana mamilioni ya miaka iliyopita haiwezi kuwa takataka; ina kazi ya lazima katika mwili mzima.

Na hakuna shaka nani alimchukua nani. Jeni ya kuku imekatwakatwa na vipande visivyotumika, kama zilivyo jeni nyingi za wanyama. Seli huviondoa inapotengeneza RNA ya kazi. Src ya kirusi haina vipande hivyo. Kwa maneno mengine, kirusi kiliichukua ikiwa tayari imeshapunguzwa, kutoka RNA ya seli, siku fulani kilipokuwa kinafungasha mzigo wake.

Mwaka 1969 Huebner na Todaro walikuwa wamependekeza kwamba tumerithi jeni za saratani kutoka kwa virusi vya kale. Ukweli ukaja umegeuzwa: virusi ndivyo vilivyochukua kwetu. Rous mwenyewe alifariki mwaka 1970 bila kuliona hili, na katika mhadhara wake wa Nobel alikuwa amelipinga vikali wazo la kwamba saratani hutokana na mabadiliko katika jeni za seli za mwili. Kirusi kilichopewa jina lake ndicho kilichotoa ushahidi dhidi yake. Bishop na Varmus walipata Nobel mwaka 1989. Stehelin hakuwemo, naye alilalamika hadharani. Nimesikia hoja za pande zote. Mimi naona jina la aliyetengeneza kile kipande lilistahili kutajwa kwa sauti zaidi, hata kama wazo lilikuwa la wakubwa wake.

Basi src inafanya nini? Joan Brugge na Raymond Erikson waliipata protini yake mwaka 1977, na mwaka uliofuata kikundi cha Erikson kilionyesha kwamba ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti juu ya protini nyingine. Seli hutumia fosfeti hizo kuamrisha: protini iliyobandikwa huamka, au hulala, au huhamia mahali pengine. Mwaka 1979 Tony Hunter, katika Taasisi ya Salk, alikuwa anatenganisha aina za fosfeti kwa kutumia kimiminika cha zamani ambacho asidi yake ilikuwa imepanda, kwa sababu hakutaka usumbufu wa kutengeneza kipya. Kimiminika kibovu kile kikatenganisha doa ambalo lile jipya lingelificha. Doa hilo lilikuwa tairosini yenye fosfeti, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analitafuta. Katika seli njema, tairosini za namna hii ni chache mno. Karibu fosfeti zote hukaa kwenye amino asidi nyingine mbili. Katika seli zilizogeuzwa na kirusi cha Rous huongezeka mara kumi hivi. Simpendekezei mtu uvivu maabara, lakini yaliyotokea yalitokea.

Src ya seli njema hukaa chini ya utando, na muda mwingi imejikunja. Mkiani mwake ina tairosini moja, ambayo kimeng'enya kingine huibandika fosfeti. Mkia huo hujipinda ukashikamana na sehemu nyingine ya protini ileile, na mdomo unaofanya kazi hufungwa. Dalili ya kukua au ya kushikana na jirani inapofika nje ya seli, fosfeti ya mkiani huondolewa, src hufunguka, hufanya kazi kwa dakika chache, kisha hufungwa tena. Src ya kirusi imepoteza mkia huo. Amino asidi 19 za mwisho hazipo. Mahali pake pana 12 nyingine zisizo na ile tairosini. Haina cha kujifungia. Juu ya hapo, DNA ya kirusi ina kichocheo chake kikali, ambacho huiamuru seli itengeneze protini hii kwa wingi kuliko ambavyo ingetengeneza yenyewe.

Matokeo yake huonekana kwa darubini. Protini zinazoishikilia seli kwenye sakafu yake na kwa jirani zake hubandikwa fosfeti bila mpango. Nyuzi za ndani zinazoipa umbo hulegea. Seli huviringana na kuachia. Amri za kugawanyika hupita ingawa hakuna homoni ya ukuaji iliyoleta dalili. Seli hufyonza glukosi kwa kasi. Huweza kukua ikielea ndani ya ute wa agari bila kushika chochote, jambo ambalo seli njema ya tishu hailiwezi. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho kigeni. Seli njema huviringana inapogawanyika. Huachia jirani inapokwenda kuziba jeraha. Src ya kirusi inaziambia seli zifanye mambo yanayofahamika, wakati wote, bila kuulizwa.

Baada ya src, zilifuata onkojeni nyingine, yaani jeni zinazoweza kugeuza seli kuwa ya saratani, kwa makumi, nami nitazipitia haraka. Jeni ya ras ilitoka katika kirusi alichokipata Jennifer Harvey, London, mwaka 1964, kirusi cha panya wadogo kilichopitishwa kwenye panya wakubwa kikachukua jeni yao. Mwaka 1982 ras hiyohiyo ilikutwa katika seli za saratani ya kibofu cha mkojo za binadamu, bila kirusi chochote, ikiwa imebadilika herufi moja tu ya DNA: glaisini ya 12 imekuwa valini. Badiliko hilo huizuia protini kujizima. Jeni ya sis ikaonekana ni homoni ya kukuza seli, na erbB ni kipokezi cha homoni kilichokatwa kichwa, kinachoitikia bila kuitwa. Jeni ya abl, kutoka kirusi cha panya cha Abelson, ndiyo inayounganishwa vibaya katika aina moja ya leukemia sugu ya binadamu. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huiziba protini hiyo mdomo, na wagonjwa wengi waliokuwa wakihesabiwa miaka michache sasa wanaishi kwa vidonge. Mkumbuke sahani za Martin.

Ni haki niongeze kwamba onkojeni moja mara nyingi haitoshi. Seli za kawaida za panya zilizotolewa mwilini karibuni zilihitaji ras na onkojeni nyingine iitwayo myc kwa pamoja ndipo zigeuke, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1983. Kirusi cha Rous ni kikali kupita kawaida.

Kuna pia retrovirusi visivyobeba mzamiaji yeyote, na bado huleta saratani, polepole, kwa miezi. Mwaka 1981 Hayward, Neel na Astrin walieleza jinsi: kirusi cha leukemia ya kuku hupachikwa kando ya jeni ya myc ya seli, na kichocheo chake kikali huiwasha jeni jirani. Madaktari wa Paris walikutana na hatari hiyo ana kwa ana walipotumia retrovirusi vilivyopunguzwa makali kuwatibu watoto waliozaliwa bila kinga. Tiba ilifanikiwa kwa wengi, lakini baadhi yao wakapata leukemia, kwa kuwa kirusi kilipachikwa karibu na jeni isiyofaa kuwashwa. Virusi vya tiba vilibidi viundwe upya.

Najua kuna swali linalosubiri mikono iinuliwe: je, nyama ya kuku inaleta saratani? Hapana. Kirusi cha Rous hakijathibitika kumsababishia binadamu saratani, na kuku aliyepikwa hana kirusi hai. Na virusi vya UKIMWI, ambavyo ni retrovirusi, vina onkojeni? Havina. Sakoma ya Kaposi tuliyoiona sana wodini husababishwa na kirusi kingine, cha jamii ya malengelenge, kilichotambuliwa mwaka 1994. UKIMWI hukifungulia njia kwa kuvunja kinga.

Nimeitaja myc mara mbili, na ndiyo inayotuleta nyumbani. Ilijulikana kwanza katika kirusi cha kuku kiitwacho MC29. Sasa twende Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi, alimwona mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Akaanza kuwatafuta wengine, akachapisha mwaka 1958, na mwaka 1961 akiwa na madaktari Williams na Nelson akasafiri kwa gari kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, kilomita zipatazo 16,000, akiuliza hospitali baada ya hospitali. Ugonjwa ulionekana katika maeneo ya joto na mvua, yenye malaria, na haba sana katika nyanda za juu. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndimo Epstein, Achong na Barr walimokiona, mwaka 1964, kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Si retrovirusi, na hakijaiba myc.

Lakini mwaka 1982 watafiti walipoangalia kromosomu za seli za uvimbe huo, waliikuta myc imehama kutoka kromosomu ya 8 na, mara nyingi, kutua kwenye ya 14, kando ya jeni za kutengeneza kingamwili. Katika seli hizo jeni za kingamwili huwa zimewashwa kwa nguvu, na myc ikawashwa nazo. Malaria ya mara kwa mara huchochea seli za kinga zigawanyike na kukata DNA yake, na kirusi huzisaidia zisife zinapokosea. Kirusi cha kuku hufikia hapo kwa kubeba myc au kupachikwa kando yake. Kwa mtoto wa Kampala, kromosomu zenyewe zilikatika zikaunganika vibaya. Jeni ni ileile.

Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo huitikia dawa upesi: Burkitt mwenyewe, miaka ya 1960, aliona uvimbe ukiyeyuka kwa sindano chache. Basi mzazi, mwalimu, au mganga wa zahanati anayemwona mtoto taya linavimba au meno yanalegea bila kuanguka wala kupigwa, asipoteze wiki kwa kung'oa jino moja baada ya jingine. Ampeleke hospitali ya rufaa, aombe kipande cha uvimbe kipelekwe maabara, na afanye hivyo wiki hiyohiyo.